Kidonge cha Jumatatu na dripu ya mwaka: uzoefu wangu wa dawa za mifupa hapa Lamu

Wenye haraka nawapa alama kabisa. Kidonge cha alendroneti cha kila wiki, tatu kwa tano. Dripu ya asidi ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka, nne. Hiyo moja niliyoinyima dripu ni ya siku mbili nilizolala nikitetemeka kwa dadangu Malindi, nitaieleza.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 64, mkaazi wa Langoni. Ugonjwa wangu ulijulikana kwa kuanguka. Punda wa mawe alinijia kwa nyuma pale usita wa mui, njia kuu ya mji wetu, mwenyewe akapiga simile punda keshafika, nikajibana ukutani, mguu ukateleza, nikaangukia mkono. Mjukuu wangu huanguka hivyo mara tatu kwa siku akainuka anacheka. Mimi kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari aliyenifunga plasta ndiye aliyeshuku: mtu akianguka kutoka kimo chake tu na mfupa ukavunjika, mfupa huo una neno. Kijana wangu akanipeleka Nairobi kupimwa uzito wa mifupa. Unalala kitandani, mashine inapita juu, haiumi, dakika chache umekwisha. Majibu huja kwa alama iitwayo T-score, inayokulinganisha na mifupa ya kijana mzima. Mpaka ni −2.5, ukifika hapo au ukashuka zaidi, ni osteoporosisi, yaani mifupa imepungua na kuwa miepesi kuvunjika. Uti wangu wa mgongo ulisoma −3.1. Nilipoonyeshwa picha ya mfupa kama huo kwa ndani nikasema, daktari, hili mbona ni jiwe la tumbawe, matundu matupu, kama kuta za nyumba zetu. Nikamkumbuka marehemu mama, alivyopinda mgongo miaka yake ya mwisho hata kabati la vyombo akawa halifikii, na sisi tukasema ni uzee.

Nikaanzishiwa kidonge. Masharti yake ni makubwa kuliko kidonge chenyewe. Miligramu 70, siku moja kwa wiki, asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa gilasi nzima ya maji matupu. Kisha nusu saa huli, hunywi chai, hulali. Aliyeniuzia alinisomea yote hayo kama anayesoma matangazo ya vifo redioni, nami nikaitikia. Nikachagua Jumatatu.

Kosa langu sikulijua. Nilikuwa nikiamka alfajiri, nameza, natia udhu, naswali, halafu narudi kujilaza na tasbihi yangu mpaka kupambazuke. Nikiona nimefuata masharti, maana sili wala sinywi. Wiki ya tatu nikaanza kuungua nyuma ya mfupa wa kifua. Mahamri yakawa yanakwama njiani. Usiku mmoja nilidhani ni moyo, nikamwamsha mume wangu, maskini, akaanza kutafuta boti.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, muuguzi. Hakuniuliza naumwa wapi. Aliniuliza, "Shangazi, Jumatatu ukishameza wafanya nini?" Nikamwambia naswali. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Sasa rukuu na sijida si kuinama huko?" Wallahi sikuwahi kuwaza. Akanieleza kwamba dawa hii ikinasa kooni, au ikirudi juu kutoka tumboni, huchoma njia ya chakula. Yale maji mengi ni ya kuitelemsha, na kukaa wima ni kuizuia isipande. Na chai si adabu tu: hata ukifuata kila sharti, mwili hunyonya chini ya asilimia 1 ya kidonge, kwa hivyo ukikifuatishia maziwa au kidonge cha kalsiamu, umemeza bure.

Basi nikabadilisha. Naswali kwanza, nameza baadaye, kisha nashuka pwani kungoja wavuvi. Nusu saa hiyo ya Jumatatu bila chai ya tangawizi ni ndefu, msidanganywe na mtu, lakini kuungua kulipungua sana. Laiti ningeelezwa hivi siku ya kwanza, pengine kidonge kingepata nne.

Ramadhani ndiyo iliyonishinda. Daktari aliniruhusu kumeza usiku kabla ya daku: niamke mapema, nimeze, nikae wima nusu saa, ndipo nile. Kwa karatasi ni sawa. Lakini mtu aliyefuturu viazi karai na bajia, akala tena usiku, akalala kidogo na kuamka kumeza, tumbo lake linajulikana. Kufikia kumi la mwisho kiungulia kilikuwa kimerudi na ndugu zake. Baada ya Idi nikapigwa kamera ya tumbo, kukaonekana vidonda vidogo kwenye njia ya chakula. Daktari akasema, "Mama, dawa si mbaya, ila koo lako halifai kwa dawa hii. Tuiache."

Tukakaa tukazungumza kuhusu nyingine. Kulikuwa na sindano ya kila siku ya teriparatidi, unajidunga mwenyewe, yaweza kwenda hadi miaka miwili. Hiyo hujenga mfupa, si kuzuia usipungue tu. Nilipoulizia bei nikacheka, tukaendelea mbele.

Iliyonivutia ni sindano ya denosumabu, chini ya ngozi, kila miezi sita. Haipiti tumboni, haina nusu saa ya kusimama. Nilikuwa karibu kukubali mpaka nikauliza: nikichelewa je? Hapo ndipo daktari alipoiweka kalamu chini. Dawa hii huwezi kuiacha hivi hivi. Ikikatika bila nyingine kushika nafasi yake, mifupa hupungua kwa kasi, na pingili za mgongo zinaweza kuvunjika, tena zaidi ya moja. Sasa mimi mtu wa kisiwani. Dawa yenyewe hukaa kwenye friji, na umeme wetu mnaujua. Kuna miezi bahari imechafuka, kuna siku barabara ya Garsen haipitiki. Mtu wa Nairobi mwenye hospitali mlangoni aitazame vizuri. Mimi nilishukuru nikaikataa.

Ikabaki dripu. Kabla yake nilipimwa figo, kisha vitamini D, nayo ikaonekana iko chini. Nilishangaa. Jua tunalo la kumgawia kila mtu! Lakini vichochoro vyetu ni kivuli kitupu, na mwanamke akitoka yuko ndani ya buibui. Jua linaishia juu ya paa. Ikabidi nitumie vitamini D na kalsiamu kwanza, maana dripu ikikukuta nazo ziko chini yaweza kuishusha kalsiamu ya damu vibaya. Siku hizi saa nne asubuhi napanda darini na kanga, nachambua mchele huko huko. Pia niling'oa gego bovu mapema, kwa kuwa dawa hizi, ingawa ni nadra, zaweza kuleta shida ya taya, hasa mtu aking'olewa jino akiwa ameshaanza.

Miligramu 5, mkononi, nusu saa nikamaliza, nikatoka natembea nikijiona shujaa. Usiku homa ikapanda. Mwaka 2004 Lamu nzima tuliugua chikungunya, watu wazima wakitembea wamejikunja. Anayeikumbuka ile atanielewa. Si kali kama ile, lakini ni jamaa yake. Panadol na maji, siku ya tatu nikaamka nadai uji. Nilikuwa nimeonywa, ndiyo maana sikulikimbilia basi la kurudi Mokowe, tunakopandia boti za Lamu, siku ile ile. Ukienda kuchomwa mbali, tafuta pa kulala.

Jirani zangu wameniletea habasoda, mafuta ya simsim, supu ya kongoro. Vyote nakula, simsim hata naipenda. Ila sijaona kipimo kilichopanda kwa habasoda, na mkono uliovunjika ni wangu. Kilichonisaidia nje ya dawa ni kamba niliyofunga kando ya ngazi, na kandambili zilizolika kutupwa.

Nimeambiwa pia nikipata maumivu mapya ya paja au kinena niseme mara moja, kwani mtu akitumia dawa hizi miaka mingi, mfupa wa paja waweza kuvunjika, japo ni nadra. Baada ya miaka mitatu tutaangalia kama nipumzike.

Dripu ya pili ni Shaaban hii, kabla ya mfungo. Wanasema mara ya pili homa huwa ndogo. Dadangu keshatandika kitanda, na Panadol nimenunua pakiti mbili.