Uzoefu wangu na Xbox Series S: nilitaka kuhama, nikahesabu gemu zangu, nikatulia

Nina Xbox Series S, konsoli ya gemu ya Microsoft, toka zilipotoka mwishoni mwa 2020, na kabla ya hapo nilikuwa na Xbox 360, ile ya zamani, kwa miaka mingi, kwa hiyo mi sio mgeni humu. Naandika hii kwasababu nimechoka kusikia kila mtu anasema Microsoft wafunge tu biashara ya konsoli wabaki na Windows na klaudi yao, eti PlayStation ya Sony keshawashinda siku nyingi. Na mimi niliingia kwenye huo mkumbo, nikasema basi, nauza kiboksi changu nahamia upande wa pili.

Sikuhama. Ntasema kwanini, ila kwanza kiboksi chenyewe.

Ni kidogo, cheupe, kimya kabisa. Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni ile Quick Resume, yaani unaacha gemu katikati ya vita unafungua nyingine, kesho ukirudi ile ya kwanza inakukuta palepale, adui bado kanyanyua panga. Nafasi ndo inabana: kimeandikwa GB 512 ila za kutumia ni kama 364, gemu kubwa tatu nne ushaanza kufikiria ufute ipi, na kudaunlodi upya kwa intaneti yangu ni shughuli ya kulala na kuamka. Diski hakiingizi, hilo nililijua kabla sijanunua. Pedi inakula betri za AA, wengine wanalalamika, mi naona sawa tu, nina seti mbili za kuchaji nabadilishana.

Sasa turudi kwenye kuhama. Nilikaa chini nikaanza kuhesabu gemu nilizonunua kidijitali kwenye akaunti yangu, kuna za enzi za 360, kuna nilizonunua kwenye ofa na sijawahi hata kuzifungua (najua siko peke yangu), na karibu zote zinafungua kwenye hiki kiboksi. Nyingine nikiingia kwenye kompyuta ya Windows nazikuta, na sevu zangu zipo. Nikiuza mashine siziuzi hizo, zinabaki kwenye akaunti kama nguo kwenye nyumba uliyohama. Hapo ndo nikashtuka: kumbe mi mwenyewe ndo sababu ya hawa jamaa wa Microsoft kutofunga biashara!

Maana kwenye kuuza mashine yenyewe hawapati kitu. Mwaka 2021 kwenye kesi ya Epic (wale wa gemu ya Fortnite) na Apple mmoja wa wakubwa wa Xbox alisema mahakamani kabisa kwamba hawajawahi kupata faida kwa kuuza konsoli. Hela iko ndani: kila gemu ikiuzwa kwenye duka la konsoli mwenye duka anakata chake, kawaida asilimia 30, halafu kuna Game Pass, ada ya kila mwezi ya kucheza gemu kibao, ambayo na mimi nalipia. Sasa wakifunga, zile gemu zao si zitabidi ziuzwe kwenye maduka ya wengine? Call of Duty ni yao toka Oktoba 2023 waliponunua Activision Blizzard, kampuni yenye gemu hiyo, kwa karibu dola bilioni 69, lakini kila nakala inayouzwa kwenye duka la PlayStation, Sony anakata chake. Kuuza kwa jirani sio vibaya, na wenyewe wanafanya, 2024 walipeleka gemu yao Sea of Thieves na 2025 Forza Horizon 5 kule PlayStation 5, ila mwenye duka lake anaweza kuchagua apeleke ipi na lini, asiye na duka anapangiwa tu.

Sega, kampuni nyingine ya gemu, aliwahi kufunga biashara ya konsoli. 2001 aliacha kutengeneza konsoli yake Dreamcast, na kabla mwaka haujaisha Sonic, mhusika wake mkuu, alikuwa anakimbia kwenye mashine za Nintendo, ambao ndo walikuwa mahasimu wake wakubwa. Sega yupo mpaka leo, hajafa, lakini hana kiboksi cha mtu kurudi kila jioni.

Na Microsoft kama ni kukata tamaa wangekata 2007, zile 360 zilipokuwa zinaharibika na kuwaka taa nyekundu, wakatenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo na kuongeza garantii mpaka miaka mitatu. Wakalipa wakaendelea. Sisemi kila wanachofanya ni sawa, Game Pass Ultimate, kile kifurushi cha juu, kutoka dola 19.99 mpaka 29.99 kwa mwezi kwa mkupuo mmoja, Oktoba 2025, ile ilikuwa ubabe, na ukimchukulia mtu kama mimi poa hivyo hivyo ipo siku atahesabu tena na jibu litakuwa tofauti.

Kama unanunua Series S leo: chukua kama una televisheni ya kawaida na hujali diski. Kama una rundo la diski za zamani, tafuta Series X, kaka yake mkubwa, yenye sehemu ya diski, usije kunilaumu.

Mi baada ya kuhesabu nilidaunlodi Red Dead Redemption, ile ile niliyonunua kwenye 360. Sevu yangu nilishaipandisha klaudi zamani nikaisahau. Ikafunguka, farasi wangu kasimama pale nilipomwacha.