Nimeuziwa antena zisizoelewana

Miwani yenyewe, ile inayokuonyesha papo hapo kinachoonwa na kamera ya droni, sina neno nayo. Kinachonichemsha ni duka moja la katikati ya jiji lililoniuzia seti nzima, droni na miwani, likaapa kwamba picha itafika kilomita mbili. Ilifika mita tisini hivi, uwanjani peupe. Kutoka hapo ni chenga tupu. Niliporudi nayo, yule bwana wa kaunta hata hakuishika. "Bosi, hujui kurusha. Ongeza pawa." Papo hapo akaniwekea mezani transmita (kifaa cha droni kinachorusha picha) ya miliwati 800, nilipe tena.

Sasa tazama ugonjwa wenyewe. Antena nyingi za gigahezi 5.8 za droni hizi zina kichwa kama uyoga, na mawimbi yake hutoka yakijizungusha. Ziko zinazozungusha kulia, ziko zinazozungusha kushoto. Kwa nje ni pacha: uyoga ule ule, shina lile lile. Kinachozitofautisha ni vijiherufi, tena kama vipo: RHCP ni kulia, LHCP ni kushoto. Ya droni yangu ilikuwa kulia, za miwani zote kushoto. Ndoa ya namna hiyo inaweza kula desibeli 20 za nguvu ya mawimbi, na desibeli 20 zikipotea, umbali unabaki sehemu moja ya kumi. Kilomita moja inakuwa mita mia. Hesabu hiyo na mita tisini zangu zinajuana.

Na hiyo dawa ya pawa? Ili umbali uwe mara mbili, nguvu lazima iwe mara nne. Yangu ilikuwa miliwati 200, kwa hiyo 800 zingenifikisha kama mita 180, huku transmita ikipata moto kama sufuria, maana droni ikiwa chini haipati upepo wa kuipoza. Bei ya antena sahihi ni kama ya chakula cha mchana. Mtu anayeuza vitu hivi kila siku hajui? Au anajua sana?

Mkiwa hapo hapo dukani, washeni tochi ya simu mchungulie soketi. SMA na RP-SMA, aina mbili za soketi za antena, nati zake hufungana, lakini zikichanganywa, ni tundu kwa tundu au pini kwa pini. Upande mmoja lazima uwe na pini, wa pili uwe na tundu. Transmita ikiwashwa hivyo ni sawa na isiyo na antena, na inaweza kuungua.

Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba aliyevaa miwani ile ni kipofu wa kila kitu kingine. Mawimbi ya rimoti, hasa ya gigahezi 2.4, mara nyingi hufika mbali kuliko picha, kwa hiyo droni inaendelea kumtii mtu asiyeiona. Chenga zikianza, usigeuze kwa pupa. Panda juu kwanza, kwa sababu mara nyingi kilichokuziba ni mti au ukuta, ndipo ugeuke. Na uso wako uelekee droni: ukiipa kisogo, kichwa chako mwenyewe kinaziba antena. Awepo mwenzako pembeni asiyevaa miwani, anayeitazama kwa macho.

Kabla ya hayo yote, toa propela, washa mota, kisha zima rimoti. Mota zisiposimama upesi, mpangilio ni mbovu, na siku mawimbi yatakapokatika hewani itajiendea zake kuelekea Mombasa Road. Kuhusu betri ya seli nne, mimi hugeuza ikifika volti 14.4, maana ukienda na upepo mgongoni, kurudi ni kupigana nao.

Haya, niwe mkweli. Sheria haikuachii kilomita mbili hizo hata ukizipata. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, wanataka kibali, futi 400 ndiyo dari, na droni ionekane kwa macho. Tena kwa Nairobi utakwenda upande gani? Uwanja wa ndege wa Wilson uko Lang'ata, wa JKIA uko Embakasi, ndege za jeshi ziko Eastleigh. Pengine nagombania umbali nisioruhusiwa kuutumia. Lakini mita tisini! Hapo ni ng'ambo ya ua tu, kwenye kamba za nguo za watu na watoto wanaocheza chini.

Nimebadilisha antena moja tu, ile ya droni. Picha sasa ni safi mpaka mwisho wa uwanja, na kinachonirudisha ni betri, si chenga. Miwani naipa nyota nne. Duka nilikuwa nimelipatia nyota mbili, kwa sababu seti yao si mbovu, mpaka nikaisoma tena risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi, nyota moja. Na antena yao ya kulia ninayo mezani, nzima kabisa. Mwenye miwani yenye antena za kulia anayeihitaji aje aichukue bure.