Kituo Kwanza, Ndege Baadaye: Tathmini ya Utaratibu wa Kuwapangia Marubani Wapya

Ninachokipima hapa ni huduma moja tu ya mwajiri wangu, ambaye sitamtaja: utaratibu wa kuwapangia marubani waliotoka kuajiriwa kituo cha kazi na aina ya ndege. Niliupitia miezi 18 iliyopita, na tangu wakati huo nimeishi na matokeo yake kila siku.

Siku ya tatu ya darasa la waajiriwa wapya, msimamizi alitugawia karatasi yenye safu tatu: kituo, ndege na idadi ya nafasi zilizo wazi. Tulikuwa 22. Ukongwe ndani ya darasa ulifuata tarehe ya kuzaliwa, mkubwa akitangulia, nami nikajikuta wa 17. Kila mmoja alitakiwa kuipanga mistari yote kwa mfuatano wa anavyoitaka na kuirudisha karatasi kabla ya saa sita mchana wa kesho yake. Matokeo yalibandikwa ukutani pamoja na machaguo ya kila mtu, hivyo uliweza kushuka na kidole chako kutoka jina la kwanza hadi la mwisho na kujiridhisha kwamba hakuna aliyerukwa. Kwa upande wa uwazi sina la kulalamika.

Lawama yangu ni kwa yale ambayo karatasi ile haikuyasema. Katika kazi hii namba ya ukongwe ndiyo inayoamua ratiba, likizo, na siku ya kuhamia kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, kwa hiyo swali la msingi kwa mgeni ni kasi ya foleni ya kila kituo kuliko wingi wa nafasi zake. Kikomo cha umri kwa marubani wa safari za kimataifa za abiria, kwa kanuni za ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ni miaka 65. Kituo chenye makapteni wengi waliokaribia umri huo husogea haraka, na kile chenye makapteni wa miaka 45 hukaa palepale. Takwimu hizo ofisi inazo. Ingeziongeza katika safu ya nne, wengi wetu tungejaza karatasi tofauti kabisa.

Badala yake macho yetu yalivutwa na nafasi nne za ndege kubwa za masafa marefu. Mwenzangu mmoja aliyepata mojawapo ana picha nzuri za mawio juu ya bahari, lakini ndiye wa mwisho kwenye orodha ya kundi lake, na katika safari yenye marubani watatu au wanne yeye huwa mlinzi wa usiku: hukaa kitini ndege ikiwa imeshatulia angani, kisha huwapisha wengine watue. Kanuni inadai kupaa mara tatu na kutua mara tatu ndani ya siku 90, naye amekwisha kurudishwa kwenye simuleta, mtambo wa mazoezi unaoiga ndege, mara mbili ili tu atimize hesabu hiyo. Kwa mtu ambaye bado anahitaji kuujenga mkono wake, huo ni ushindi wa jina tu.

Mimi nilipangiwa Airbus A320, na hapa huduma inastahili sifa zake zote. Nilikuwa nimetoka kwenye ndege ndogo za pangaboi, ambako nguvu ya injini haibadiliki mpaka mkono usukume. Katika A320, mitambo inapojiendesha, mikono ya injini, yaani vishikio vya kuongozea nguvu yake, hukaa mahali pamoja huku injini zikiongeza na kupunguza nguvu zenyewe. Katika Boeing 737 husogea, nawe unayasikia mabadiliko kiganjani. Katika vipindi vya mwanzo vya simuleta kiganja changu kilisubiri ujumbe ambao haukuja, nikawa nachelewa kugundua kwamba nguvu imepungua. Mkufunzi hakunikaripia. Alifunika mikono ile kwa kitambaa na kuniambia, “Mdogo wangu, habari za injini zipo kwenye skrini, hazipo hapa.” Baada ya vipindi viwili macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye skrini yenyewe. Ndege yoyote hufundishika namna hiyo, na ndiyo maana naona tulitumia usiku kucha kubishania jambo jepesi.

Jambo zito lilikuwa kituo. Changu kiko safari nzima ya ndege kutoka nyumbani, nami kama rubani wa akiba natakiwa kuripoti ndani ya saa mbili tangu simu ilie, muda ambao hautoshi kwa safari hiyo. Kwa hiyo nimekodi kitanda, si chumba, katika nyumba ya marubani sita wenye shida kama yangu, ambako simu ikilia saa kumi alfajiri sote tunashtuka na kupapasa kila mtu yake. Siku mbili kati ya nne za mapumziko huishia njiani, nikisubiri kiti cha ziada katika chumba cha marubani wa wenzetu. Sheria za Ulaya humwekea rubani kikomo cha saa 900 za kuruka kwa mwaka na za Marekani saa 1,000. Mwaka wangu wa kwanza sikufika hata nusu ya hicho kidogo, kwa kuwa rubani wa akiba kazi yake kubwa ni kungoja.

Kuna jambo moja ambalo laiti lingeandikwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi ile: kuhama kituo ukiwa na ndege ileile ni suala la fomu na foleni, ilhali kubadili ndege kunadai mafunzo upya, na kwa sababu ya gharama zake mwajiri wetu humfunga rubani miaka miwili kabla ya kumruhusu. Chaguo la busara, basi, ni ndege iliyopo pia katika kituo unachotaka kuishi, hata kama leo huko hakuna nafasi. Karatasi ilionyesha nafasi za siku ile tu, na haikusema ni ndege zipi ziko wapi. Mimi nilibahatika bila kujua, kwani A320 zipo nyumbani. Mwenzangu wa masafa marefu hakubahatika.

Kwa uwazi na mafunzo ningetoa nyota tano, kwa taarifa mbili. Kwa jumla natoa tatu. Fomu ya kuhama nimekwisha kuijaza. Nipo wa sita kwenye foleni, na makapteni wawili wa kituo cha nyumbani wanatimiza miaka 65 kabla ya mwaka huu kwisha.