Niliomba Jim Reeves, nikaletewa mtu asiye na jina: uzoefu wangu

Huduma hii ya kusikiliza muziki kwenye simu naipa nyota moja, na hata hiyo naitoa shingo upande. Sina ugomvi na bei ya kifurushi wala na kasi ya programu yao. Ugomvi wangu umetokana na wimbo mmoja, "He'll Have to Go" (yaani "Itabidi aondoke") wa Jim Reeves, marehemu mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, na majibu niliyopewa nilipolalamika kwamba anayeuimba humo siye aliyeandikwa jina.

Miezi kadhaa iliyopita mama yangu aliniomba nimwekee Jim. Kwetu Kenya kuna kizazi kizima kilichomjua Jim Reeves kupitia redio za betri, na mama ni wa kizazi hicho. Nikaandika jina la wimbo, ikatokea picha ya Jim mwenyewe, nywele zimechanwa vizuri, na jina lake chini kwa herufi kubwa. Nikabonyeza. Mstari wa kwanza haujaisha, mama akainua mkono na kusema, "Mwanangu, huyu siye. Zima." Nilipoisogeza simu karibu na macho ndipo nikaona, chini kabisa, kwa herufi hafifu ambazo mtu wa umri wake hawezi kuzisoma, kwamba nyimbo hizo zimeimbwa "kwa heshima" ya Jim Reeves. Aliyekuwa akiitoa heshima hiyo ni nani, hapakuandikwa popote.

Anayeujua wimbo huu ataelewa kwa nini mama hakuhitaji kusubiri. Mwanamume yuko baa, anampigia simu mwanamke anayempenda, na anajua kwamba mwanamke huyo ameketi na mwanamume mwingine. Anamwomba asogeze midomo karibu na simu, anaahidi kumwambia mhudumu apunguze sauti ya muziki, kisha anataka jibu la ndiyo au la, kwa sababu mwanamke hawezi kusema zaidi ya hapo wakati mwenzake anasikia. Wimbo wote ni mazungumzo ya siri, na siri haisemwi kwa kupaza sauti. Jim alilijua hilo. Tangu alipotoa "Four Walls" mwaka 1957 alikuwa ameacha kuimba kwa nguvu, akawa anasimama karibu kabisa na kipaza sauti na kuishusha sauti yake mpaka chini. Oktoba 1959, huko Nashville, mtayarishaji wake Chet Atkins alimwekea vyombo vichache: piano ya Floyd Cramer, vibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa) inayogusa na kunyamaza, besi, ngoma zisizosumbua, na waitikiaji wa Anita Kerr kwa mbali. Huyu niliyeuziwa mimi alikuwa na ngoma za kinanda cha umeme, na aliimba kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwamba wimbo ni uleule na maneno ni yaleyale. Nikapiga simu. Aliyepokea ni binti mwenye sauti ya haraka, nami nikamweleza taratibu kwamba nimelipa ili nimsikie mtu fulani na nimeletewa mwingine chini ya picha yake. Akaniuliza, "Sasa mzee, tofauti iko wapi?" Nikaanza kumweleza, "Binti yangu, tofauti ni sauti," na kabla sijamaliza akanikatiza: "Basi sikiliza za wengine, ziko nyingi." Simu ikakatwa. Sijui kama aliikata yeye au mtandao, lakini kwa jinsi alivyosema sina sababu ya kuulaumu mtandao. Mtu mzima akikuuliza jambo, hata kama hulijui, unamsikiliza hadi mwisho.

Kwa hasira nilifanya kama alivyosema, nikawatafuta hao wengine, na hapo ndipo uamuzi wangu ulipoanza kuyumba. Humo humo nilimkuta Solomon Burke, aliyeuimba mwaka 1964 kwa roho ya kanisani, na nilikaa kimya mpaka ukaisha. Nilimkuta Ry Cooder wa mwaka 1976, ambaye badala ya piano amemweka Flaco Jiménez na akodiani ya mpakani mwa Texas na Mexico. Akodiani ile inalalamika pale ambapo Jim ananong'ona, na bado mtu anaamini kwamba kuna simu na kuna mtu anayesubiri jibu. Nilimkuta Elvis Presley, aliyeurekodi nyumbani kwake Graceland mwaka 1976, ukaingia katika "Moody Blue", albamu ya mwisho kutoka akiwa hai. Huyo ana sauti ya mtu aliyechoka kweli, na uchovu ule umeufaa wimbo. Nilimkuta hata Jeanne Black, ambaye mwaka 1960 aliitumia tuni ileile kujibu kwa niaba ya mwanamke, kwamba huyu aliye nami ndiye atakayebaki. Usiku ule ningeipa huduma hii nyota nne bila kusita.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba hata Jim hakuwa wa kwanza, na ni kweli. Wimbo uliandikwa na Joe na Audrey Allison, na Billy Brown aliurekodi kabla yake. Tena kampuni yenyewe ya rekodi za Jim iliuweka upande wa pili wa santuri, watangazaji wa redio ndio walioigeuza, na mwaka 1960 ukakaa kileleni mwa orodha ya kantri ya Marekani kwa wiki 14. Kwa hiyo sipingi nyimbo kurudiwa. Kama zisingerudiwa, nisingemjua Jim wala Burke. Hata pale ambapo kampuni, mwaka 1981, iliziunganisha sauti za Jim na Patsy Cline katika "Have You Ever Been Lonely", ilhali wote wawili walikuwa wamefariki zamani katika ajali za ndege, moyo wangu haukupenda, lakini angalau majina yalikuwa yao na sauti zilikuwa zao.

Hapo ndipo hasira inaponirudia, na inarudi kubwa kuliko mwanzo. Burke aliweka jina lake, Cooder aliweka jina lake, Elvis pia. Kila mmoja alisimama akahukumiwa kwa koo lake mwenyewe. Huyu wa ngoma za kinanda amefichwa nyuma ya uso wa marehemu, na sasa naona hata yeye amedhulumiwa, kwa maana huenda ni mwimbaji wa haki anayefaa kusifiwa mahali fulani kwa wimbo mwingine, na hakuna atakayemjua. Programu yenyewe haijifunzi: nikimaliza kumsikiliza Cooder, inaniletea tena yule yule, picha ile ile, na nikimtafuta Jim mwenyewe lazima nipite kwanza kwenye msururu wa waigaji wake.

Nyota zinabaki moja. Nilitaka kuandika mbili kwa ajili ya akodiani ile, nikaikumbuka simu iliyokatwa, nikaacha. Kifurushi nitakilipia tena mwezi ujao, kwa sababu rekodi halisi ya 1959 imo, nimeipata, nimemhifadhia mama mahali ambapo anaweza kuibonyeza bila kunisubiri. Siku watakapoiondoa picha ya Jim kwenye kazi isiyo yake na kuandika kwa herufi zinazosomeka jina la aliyeimba, nitarudi hapa nibadilishe, na huenda zikafika nne. Yule binti wa simu naye aombe radhi.