Kumtafuta ndugu aliyekamatwa Mtwara na Lindi: uzoefu wangu na kaunta ya polisi, masjala, TanzLII na lango la gereza

Huduma hizi nazitumia mara kwa mara, Mtwara na Lindi, kufuatilia kumbukumbu za ukamataji, za mahabusu na za mahakamani kwa niaba ya familia. Nianze na linalowapotezea watu siku mbili za mwanzo: hakuna tovuti ambayo utaandika jina la ndugu yako ikakuonyesha yuko gereza gani. Kwenye kaunti nyingi za Marekani ofisi ya sherifu huweka mtandaoni orodha ya walio ndani. Ndiyo maana ukitafuta kwenye simu unaletewa kurasa chungu nzima zinazoahidi kumpata mfungwa yeyote, nyingine zikitaka kadi ya benki. Kumbukumbu za magereza ya huku, kama Lilungu au Nachingwea, hazimo humo. Usilipe hata shilingi.

Kwetu mtu anafuatwa kwa namba, na namba hubadilika kila anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Taarifa ikipokelewa kituoni kuna RB, yaani namba ya kitabu cha taarifa. Jalada la upelelezi likifunguliwa kuna IR, yaani namba ya rejesta ya upelelezi. Shauri likisajiliwa mahakamani linapata namba yake, na akiingia gerezani anapewa namba ya huko. Mwenye jina peke yake ataambiwa "hayupo", na aliyemjibu pengine hasemi uongo: ameangalia kitabu kimoja tu.

Kaunta ya polisi naipa tatu kati ya tano. Kosa kubwa la familia ni kwenda kudai RB. RB hubaki kwa mlalamikaji. Ni kikaratasi kidogo, mara nyingi cha kuandikwa kwa mkono, chenye herufi za kituo, neno RB, namba na mwaka, na ndugu wa mtuhumiwa hana sababu ya kuwa nacho. Badala yake sema: "Shikamoo afande, naomba uniangalizie kwenye kitabu cha mahabusu, kuanzia jana jioni mpaka sasa." Taja majina yote matatu, umri, kijiji au mtaa, na saa aliyochukuliwa. Ukiambiwa yupo, uliza kosa aliloandikishwa, namba ya IR na jina la mpelelezi. IR ndiyo ya kushikilia, maana namba ya jalada la polisi huandikwa pia juu ya hati ya mashtaka. Kesho yake mahakamani, wenye majina yanayofanana wakiwa watatu, hiyo ndiyo itakayowatenganisha.

Kinachoharibu hapa ni uhamisho wa ndani. Mtu amechukuliwa na kituo kidogo kijijini, akalala hapo saa chache, kisha akapelekwa kituo cha wilaya. Kila kituo kina kitabu chake. Aliyekamatwa upande wa Nanyamba anaweza kuwa Mtwara mjini kabla ndugu hawajamaliza kuulizana. Uliza kituo cha kwanza "amepelekwa wapi na saa ngapi", si "yupo?" tu. Halafu kuna waliokamatwa na vyombo vingine: Uhamiaji upande wa Kilambo na mpaka wa Msumbiji, askari wa wanyamapori upande wa Liwale, au TAKUKURU. Hao huenda wasiwemo kwenye kitabu cha polisi mpaka wakabidhiwe pale kulala. Mtoto wa chini ya miaka 18 ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na kesi yake haisikilizwi hadharani. Usihangaike kumtafuta kwenye ubao wa mahakama. Mwone Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana, isipokuwa kwa makosa yenye adhabu ya kifo. Kwa vitendo, aliyekamatwa Ijumaa jioni mtegemee mahakamani Jumatatu. Na dhamana ya polisi haiuzwi. Anayekupigia simu akisema "tuma ya dhamana kwenye namba hii" ni tapeli, hata kama anajua jina la ndugu yako na kosa lake. Faini na ada halali za mahakama hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti inatoka.

Masjala za mahakama naziheshimu kuliko sehemu zote. Karani mzuri wa masjala ana thamani kuliko tovuti kumi. Kabla ya kumwendea, jua ngazi. Wizi mdogo, shambulio la kawaida, lugha ya matusi: anza Mahakama ya Mwanzo ya eneo kosa lilipotendeka. Unyang'anyi wa kutumia silaha, ubakaji, bangi, nyara za serikali: anza Mahakama ya Wilaya (Masasi, Newala, Kilwa, Nachingwea, Liwale na nyinginezo) au Mahakama ya Hakimu Mkazi iliyopo Mtwara na Lindi. Mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara inahudumia mikoa yote miwili.

Fika mapema, saa 2 asubuhi, kabla karandinga halijaingia. Kwenye ubao hubandikwa orodha ya mashauri ya siku: namba, majina, hakimu, na hatua iliyofikiwa. "Kutajwa" maana yake upelelezi haujakamilika au tarehe inapangwa tu, hakuna shahidi leo. "Hoja za awali" ni kusomewa maelezo na kuainisha yasiyobishaniwa. "Kusikilizwa" ndiyo ushahidi wenyewe. Familia nyingi husafirisha mashahidi kutoka Tandahimba siku ya kutajwa, nauli inapotea bure. Piga picha mstari wa kesi yako ubaoni ukiruhusiwa, au nakili namba yote bila kuifupisha.

Namba yenyewe imebadilika sura. Kesi za zamani zinasomeka kwa mfano Kesi ya Jinai Na. 34 ya 2019, na zilihesabiwa mahakama kwa mahakama, kwa hiyo "34 ya 2019" ipo Masasi na ipo Lindi. Bila jina la mahakama, namba hiyo haina maana. Zilizosajiliwa kwenye mfumo mpya wa kielektroniki, e-CMS, zina namba ndefu yenye sifuri nyingi. Ukikosea tarakimu moja karani hataipata, wala hana namna ya kukisia. Iandike kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, kisha msomee aliyekupa.

Njia mbili huwapoteza hata wazoefu. Ya kwanza ni mauaji: shauri huanzia mahakama ya chini kwa namba ya PI (uchunguzi wa awali), upelelezi ukiisha linahamishiwa Mahakama Kuu na kupewa namba mpya kabisa ya kikao. Familia inaendelea kuulizia PI mwaka mzima, inajibiwa "limefungwa hapa", inadhani mtu ameachiwa. Uliza: "Lilihamishwa Mahakama Kuu lini, na kwa namba gani?" Ya pili ni mashtaka kuondolewa. Upande wa mashtaka unaweza kuyaondoa, mshtakiwa akaachiwa, kisha akakamatwa tena pale pale nje ya mahakama na kufunguliwa kesi mpya. Kwenye daftari la zamani itasomeka imeondolewa, wakati yeye yupo mahabusu kwa namba nyingine. Ukiona neno hilo, rudi kituoni siku hiyo hiyo.

TanzLII naipa nne na nusu. Ni hazina ya mtandaoni ya hukumu na maamuzi ya Mahakama ya Tanzania, ni bure, haihitaji kujisajili, na hukumu unaipakua nzima. Mipaka yake ni hii: nyingi utakazokuta ni za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu. Kesi iliyoishia Mahakama ya Wilaya Ruangwa bila rufaa usiitegemee humo. Lakini ikikatiwa rufaa, ukurasa wa kwanza wa hukumu hutaja ilikotoka: mahakama gani ya chini, namba gani, mwaka gani. Hapo unaweza kuipata namba iliyopotea miaka sita, ukaenda nayo masjala ukaomba jalada.

Majina ndiyo mtihani. Mtu mmoja anaweza kuwa Saidi, Said au Saidy. Selemani, Seleman au Suleiman. Athumani au Athuman. Mohamedi, Mohamed au Muhammad. Polisi aliandika alivyosikia, hakimu akanakili, na kosa likabaki hadi rufaa. Jaribu kila tahajia, kisha geuza mpangilio: jina la babu limewekwa la pili, au limeachwa. Alama ya @ katikati ya majina haihusiani na barua pepe. Inamaanisha "anayejulikana pia kama", na kinachofuata ni jina la mtaani. Kwa hiyo kama ndugu yako kijijini anaitwa kwa jina la utani, litafute hilo. Mara nyingi ndilo pekee lisilofanana na la mtu mwingine. Weka majina mawili ndani ya alama za kunukuu ili yatafutwe pamoja, chuja kwa Mahakama Kuu Mtwara, chuja mwaka. Yakigoma yote, acha jina: andika kijiji na kosa. Andika kosa kwa Kiingereza, maana ingawa Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama kwa mabadiliko ya sheria ya 2021, hukumu nyingi humo bado ni za Kiingereza.

Na tafadhali, kufanana kwa jina si ushahidi. Kina Hamisi Saidi ni wengi kutoka Mikindani hadi Kilwa Masoko. Linganisha kijiji, umri na mahakama ya chini kabla hujasambaza picha ya hukumu kwenye kundi la ukoo. Soma pia hadi aya ya mwisho: wapo wanaotajwa kama waliofungwa miaka 30 kwenye ukurasa wa kwanza, na wa mwisho unaamuru waachiwe huru.

Gereza nalipa tatu. Kwa simu usitegemee jibu. Nenda na kitambulisho, namba ya kesi, na jina kama lilivyo kwenye hati ya mahabusu, siyo analoitwa nyumbani. Hati hiyo ndiyo inayompa mkuu wa gereza mamlaka ya kumpokea, na ndani yake kuna tarehe ya kurudi mahakamani. Kama umekosa tarehe ubaoni, omba askari wa mapokezi akusomee. Siku za kutembelea ulizia langoni kwanza, kwa sababu mahabusu na mfungwa hawana utaratibu mmoja. Baada ya kufungwa kifungo kirefu, uhamisho ni jambo la kawaida: anaweza kutoka Lilungu akapelekwa Ukonga, Isanga au Maweni. Gereza alikotoka ndilo lenye kumbukumbu ya alikoenda, kwa hiyo anzia hapo kabla hujapanda basi la Dar es Salaam.

Akishahukumiwa, kumbukumbu hizi zina haraka yake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa ni ndani ya siku 30. Kutoka Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa ni siku 10, na rufaa yenyewe siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Aliye gerezani anaweza kuipitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza. Barua ya kuomba nakala ipelekwe masjala wiki ile ile ya hukumu, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio utakaoonyesha siku za kungoja zilianza lini.