Uzoefu wangu na kampuni iliyopaua nyumba yetu Kigamboni

Kazi niliyofanyiwa ilikuwa kupaua nyumba ya vyumba vitatu iliyopo Kigamboni, mwendo mfupi kutoka baharini: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), papi (mbao zinazopigiliwa mabati), mabati ya rangi ya migongo mipana, kofia (bati linalofunika kilele cha paa), fishabodi (ubao wa ukingoni mwa paa) na mifereji ya maji ya mvua. Kwa mtu aliyesimama uani paa lilipendeza, na kuna majirani walioomba namba ya fundi kabla hata hajaondoa vyombo vyake. Leo simpi mtu namba hiyo, kwa kuwa karibu kasoro zote zilikuwa mahali ambapo mwenye nyumba hapandi.

Masika ilipoanza, dari la jipsamu la sebuleni lilitoa madoa ya hudhurungi. Nilimpigia fundi, naye akanijibu kwa upole kabisa: “Mama, hilo ni jasho la bati, litakauka lenyewe.” Jasho la bati lipo kweli, sikatai. Mvuke wa ndani ya nyumba hukutana na bati lililopoa usiku, na matone huonekana alfajiri hata kama mvua haijanyesha. Madoa yangu yalikuja na mvua, tena ya alasiri, na yalikuwa upande mmoja tu wa nyumba, ule unaotazama kusini-mashariki.

Nilimlipa fundi mwingine, mzee ambaye hana uhusiano wowote na kampuni ile, aje akague. Alipanda na mpira wa maji, akaanza kumwagia sehemu ya chini ya paa na kupanda nao kidogo kidogo, kwa sababu ukianza juu maji huteremka na kuingia katika kila tundu, usijue lipi ndilo lenye kosa. Kabla hajafika kwenye kofia alikuwa ameshapata jibu. Katika pwani yetu mvua za masika huja na upepo wa kusi, unaovuma kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo mabati huanza kupangwa kutoka upande usiopigwa na upepo, ili pale bati moja linapolalia jingine, ukingo wa bati la juu uupe upepo mgongo. Yetu yalianza kupangwa upande wa baharini, ambako ndiko lori lilikoyashusha, na kila ukingo ukawa umefunua mdomo kuelekea mvua. Aidha, misumari mingi ilipigwa bondeni, njia yenyewe ya maji, badala ya juu ya mgongo, na baadhi haikuwa na washa za mpira.

Kosa lililoniudhi zaidi halihusiani na kuvuja kwa sasa. Mabati ya pembeni yalikatwa kwa grenda, mashine yenye diski inayozunguka kwa kasi, badala ya mkasi wa bati. Joto la grenda huunguza ule mpako wa zinki na alumini unaolilinda bati, na chengachenga za chuma zinazorukia juu ya rangi hushika kutu zikabaki hapo. Mzee aliniita nipande ngazi nijionee mwenyewe: kwenye ukingo mmoja karibu na kofia rangi ilikuwa imebanduka na kujikunja kama ganda la kitunguu, na alipoisugua kwa kidole ikabaki unga mwekundu. Paa lilikuwa halijamaliza hata masika moja. Kwa nyumba inayopigwa na hewa ya chumvi mwaka mzima, hilo si jambo dogo.

Tukapima na unene. Mkataba ulitaja geji 28, ambayo ni takriban milimita 0.4, lakini kipande kilichobaki kilipopimwa kwa maikromita kilikuwa karibu na milimita 0.3, yaani geji 30. Namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba, na tofauti hiyo huwezi kuiona kwa macho, kwa kuwa migongo na rangi huificha. Bei, hata hivyo, nilitozwa ya geji 28.

Kampuni ilipopewa taarifa hiyo ilituma kijana na mirija ya silikoni. Nilimzuia. Silikoni iliyopakwa juu ya bati linalochomwa na jua kutwa nzima itakuja kubanduka, na kwa vyovyote haigeuzi mpangilio wa mabati. Nilitaka upande wa kusini-mashariki ufumuliwe na upangwe upya, misumari ing'olewe, na tofauti ya bei irudishwe.

Nilichokuwa nacho mkononi ni mkataba wa maandishi tuliotia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wenye kipengele ambacho ningemsihi kila anayejenga akidai: asilimia 10 ya malipo ibaki kwa mwenye nyumba hadi masika moja ipite. Jina la kampuni hiyo halikuwamo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chombo kilichoundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1997, hivyo sikuweza kuifikisha huko kama mkandarasi aliyesajiliwa. Wakili alinielekeza kwenye Sheria ya Mikataba, Sura 345, kifungu cha 73, kinachompa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Kifungu hicho hicho kinaangalia pia kama aliyedhurika alikuwa na njia ya kuipunguza hasara, na ndiyo maana nilinunua turubai, nikafunika upande ule mara moja na kutunza risiti, badala ya kuliacha dari lioze ili madai yaongezeke.

Barua yangu ya madai ilipomfikia fundi wa kampuni, upole wa kwenye simu ulikwisha na maneno yakawa makali, lakini kikao mbele ya mwenyekiti kilizaa makubaliano. Upande mbovu umefumuliwa na kupangwa upya na yule mzee, kwa ile asilimia 10, naye alipiga misumari mahali pake. Tangu hapo sebule ni kavu. Mabati membamba yamebaki, kwani kuyang'oa yote kungetoboa mengine na kunigharimu zaidi ya tofauti yenyewe. Kingo zenye kutu zimesuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, tiba ambayo nitalazimika kuirudia. Mifereji ya maji, kusema haki, ilifungwa vizuri na haijanipa shida yoyote.

Tofauti ya bei ya mabati fundi wa kampuni alikubali kuirudisha kwa awamu mbili. Ya kwanza ameshailipa, huku ya pili ikitakiwa kufika kabla ya mvua za vuli, na hati ya madai iko tayari kwa wakili iwapo haitafika.