Rimu za Chuma Kwenye Mazda Roadster: Uzoefu Wangu Hapa Kisumu

Baada ya rimu ya pili ya aloi kupasuka, niliamua kwamba Mazda Roadster yangu itavaa rimu za chuma, zile nyeusi za kawaida ambazo watu huzificha kwa vifuniko vya plastiki. Gari lenyewe ni la kizazi cha pili, kile kilichotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, na wanunuzi wa Ulaya hulijua kwa jina la MX-5. Naandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote mwenye gari dogo la spoti katika upande huu wa nchi, anayeliendesha kwenda kazini na kurudi wala si kulipangusa vumbi siku ya Jumapili tu, na ambaye amechoka kumpelekea fundi wa kuchomelea alumini fedha zake.

Aloi zilizokuja na gari zilikuwa za inchi 15 na zilivaa tairi za 195/50, yaani zenye upana wa milimita 195 na ukuta wa asilimia 50 ya upana huo. Tairi la kipimo hicho lina ukuta wa milimita 97 na nusu tu, kiasi ambacho kinatosha kabisa kwenye lami iliyotandazwa vizuri, lakini si kwenye barabara ya Busia wakati wa mvua, wala kwenye njia ya Chemelil na Muhoroni, ambako lori la miwa likikujia mbele huna budi kushuka ukingoni, na ukingo wenyewe mara nyingi umekatika kama ngazi. Tatizo la aloi si udhaifu. Alumini ya rimu hutiwa kwenye kalibu na nyingi huimarishwa kwa joto baadaye ili iwe ngumu, na ugumu huo ndio unaoifanya ipasuke inapogongwa kwa nguvu badala ya kupinda. Fundi akiichomelea, sehemu inayozunguka mshono hupoteza sehemu ya ule ugumu iliopewa kiwandani, kwa hiyo rimu inaweza kushika upepo kwa miezi mingi na bado usiwe na sababu ya kuiamini ukiwa na mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Rimu ya chuma hufinyangwa kutoka kwenye bamba, nayo hupinda kabla ya kupasuka. Kilichopinda hunyooshwa.

Wanaodhani kwamba chuma ni tusi kwa gari la namna hii wanasahau lilivyoanza. Mazda ilipolionyesha kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989, toleo la bei ya chini kabisa liliuzwa likiwa na rimu za chuma za inchi 14, na aloi zilikuwa nyongeza ya kulipiwa. Waliolibuni walihangaikia uzito wa kila kitu ndani yake, na bado hawakuona kwamba chuma kitaliharibu.

Sasa nije kwenye vipimo, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza fedha. Roadster ya kizazi cha kwanza na cha pili ina nati nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la rimu zake lina kipenyo cha milimita 54.1. Kwa bahati njema, Toyota ndogo zilizojaa katika miji yetu, yaani Vitz, Probox, na Corolla na Fielder za umbo la miaka ya 2000 mwanzoni, zina vipimo hivyo hivyo, na hata uzi wa nati ni ule ule wa milimita 12 kwa 1.5. Rimu ya Toyota inakalia kitovu cha Mazda, yaani ile sehemu ya gari inayofungiwa gurudumu, bila pete ya kujazia. Rimu ya Honda Fit pia ina nati nne kwenye duara la 100, ila tundu lake ni la milimita 56.1, hivyo itacheza kitovuni usipotafuta pete, na muuzaji atakuapia kwamba inaingia. Ni kweli inaingia. Shida ni kwamba haikai.

Rimu za Probox ndizo rahisi zaidi kupatikana, nami niliziacha kwa sababu mbili: ni nyembamba mno kwa tairi la 195, na zile za inchi 14 zinaweza kugusana na kalipa za breki, vile vifaa vinavyoibana diski, katika Roadster za miaka ya mwisho zilizopewa diski kubwa. Nilichukua za Corolla, inchi 15 kwa upana wa inchi 6, zilizopigwa mhuri wa ET45. Namba hiyo hueleza, kwa milimita, uso unaogusana na kitovu uko mbali kiasi gani na mstari wa katikati ya upana wa rimu. Zile za Mazda zilikuwa ET40, kwa hiyo gurudumu limeingia ndani milimita tano zaidi, jambo ambalo mwangalizi wa kawaida hataliona. Kabla ya kulipa nilibandika vipande vya udongo laini juu ya kalipa, nikafunga rimu tupu, nikaizungusha kwa mkono na kuitoa tena. Udongo ulikuwa umebaki na unene wa milimita kadhaa, nami nikaridhika. Namshauri kila mtu afanye jaribio hili papo hapo mbele ya muuzaji, kwa kuwa rimu mbili zenye vipimo sawa kwenye mhuri zinaweza kuwa na tumbo tofauti kwa ndani.

Nilizipata katika karakana za jua kali za Kibuye kwa shilingi 2,500 kila moja, bei ambayo kwa zote nne haikufikia ya rimu moja mpya ya aloi niliyokuwa nimeulizia. Kila rimu niliiviringisha kwenye sakafu ya saruji ili nione kama inayumba, nikakagua mshono unaounganisha bamba la katikati na duara la nje, kisha nikatazama matundu ya nati, kwa maana tundu lililochakaa na kuwa na umbo la yai ni dalili kwamba rimu iliwahi kuendeshwa ikiwa imelegea. Mbili nilizikataa kwa sababu hiyo. Zilizobaki zilisuguliwa kwa brashi ya waya, zikapakwa rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya fedha isiyong'aa. Nilimsihi fundi asipake rangi nzito mahali rimu inapogusana na kitovu wala kwenye vikalio vya nati, kwani rangi hiyo hubonyea baada ya muda na nati hulegea zenyewe.

Kuhusu nati, neno moja la tahadhari. Zile za Mazda zina koni yenye pembe ya nyuzi 60 na zinafaa kwa rimu hizi za chuma. Baadhi ya nati za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa, nazo hazifai hata kidogo, ingawa zitaingia na kukaza bila kulalamika. Nilikaza zangu kwa takriban nyutoni-mita 100 kwa spana ya kupimia nguvu, nikazirudia baada ya kutembea kilomita zipatazo 100. Fundi wetu wengi hupenda kuisimamia spana kwa miguu, nami humwomba anipe niikaze mwenyewe.

Nikaongeza pia kimo cha tairi, kutoka 195/50 hadi 195/55. Gari limeinuka karibu sentimita moja, na ukuta wa tairi umepata nyama zaidi ya kumezea mashimo. Gharama yake ni kwamba kipima mwendo sasa husema uongo kidogo: sindano ikiwa kwenye 80, gari linakwenda karibu 83.

Je, gari limeharibika kuendesha? Nilipima rimu tupu kwenye mizani ya duka la nafaka. Ya aloi ilikuwa kilo tano na nusu, ya chuma kilo nane. Tofauti hiyo ya kilo mbili na nusu kwa kila gurudumu si sawa na kubeba mfuko wa unga kwenye buti, kwa sababu ni uzito ulio chini ya springi, ambao shokomzoba lazima ziutulize kila unaporuka, na pia ni uzito unaozunguka, ambao injini na breki hulazimika kuusukuma na kuuzuia. Nilitarajia kuusikia nikipanda Riat kutoka Mamboleo, lakini nikiwa gia ya tatu sikuona tofauti ya maana, na ile ndogo niliyoihisi inaweza kuwa ni ya tairi lililoongezwa kimo. Mahali inapojulikana ni kwenye kona yenye mawimbi madogo ya lami. Zamani gurudumu la mbele liliyafuata mawimbi hayo moja baada ya jingine. Sasa huyapiga, na usukani huchelewa kidogo kutulia. Anayelipenda gari hili kwa ajili ya usukani wake atajua kwamba kitu kimepungua, na simlaumu akisema kwamba kilichopungua ndicho alichokinunulia.

Upande wa pili wa hesabu niliupata usiku mmoja wa mvua karibu na Luanda, nilipotumbukia kwenye shimo lililojaa maji ambalo sikuliona kamwe. Gari lilipiga kishindo ambacho kwa aloi kingekuwa mwisho wa safari. Ukingo wa ndani wa rimu ulipinda na upepo ukaanza kutoka polepole, nikafika sokoni, ambako fundi wa pancha alitoa tairi, akaweka kipande cha mbao, akagonga kwa nyundo hadi ukingo ukarudi, akapaka sabuni kutafuta povu, na hakupata. Alinitoza shilingi 300. Kesho yake nilibalansi gurudumu mjini na gari likawa shwari. Pindo la ukingoni hurekebishika namna hiyo. Bamba la katikati likipinda, au ufa ukionekana kando ya tundu la nati, rimu ni ya kutupwa.

Zipo kero. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukiingia ndani ya rimu na kukauka, gurudumu hupoteza usawa na usukani hutetemeka ukikaribia 80, hivyo baada ya kupita Ahero wakati wa mvua waambie wa kuosha gari wapige maji kwa ndani. Kutu imeanza kwenye kingo zilizogongwa na nyundo, nami huipaka rangi kabla haijaenea. Nilihofia pia joto la breki, kwa kuwa matundu ya rimu hizi ni madogo, lakini katika mteremko wa kutoka Kericho, nikitumia gia ya chini kuzuia mwendo, sikusikia harufu wala kanyagio kulegea.

Kuhusu sura, watu wa Kondele wamecheka vya kutosha, na mimi nimeizoea. Nadhani hata inalipendeza gari, ila sitabishana.

Wenye Subaru Impreza wasinifuate bila kupima. Nati zake tano kwenye duara la 100 zinafanana na za Toyota kadhaa, lakini kitovu cha Subaru ni cha milimita 56.1 na tundu la Toyota ni 54.1, kwa hiyo rimu haitaingia. Na WRX STI yenye breki za Brembo huhitaji inchi 17, hivyo rimu za chuma za inchi 15 au 16 za Impreza na Forester za kawaida hazitapita juu ya kalipa.

Jambo moja sijalitatua: gurudumu zima la 195/55 halienei katika nafasi ya tairi la akiba ya Roadster, ambayo iliundwa kwa tairi jembamba la dharura. Kwa safari za mjini nabeba lile jembamba. Nikienda mbali, Kitale au Busia, naweka rimu ya chuma ya tano kwenye kiti cha abiria na kuifunga mkanda, na anayetaka lifti hupanda matatu.